Kifungu Alichoniomba Nikiruke

Watu wakisikia kwamba nilikuwa mkalimani Guangzhou, hudhani kazi yangu yote ilikuwa kupunguza bei za mashati. Sehemu kubwa ilikuwa hiyo, sikatai. Nimesimama mbele ya marobota ya nguo kule mtaa wa Guangyuan Xilu mpaka miguu ikavimba, nikimweleza mwenye duka kwamba mteja wangu anataka samawati hii hii, ila iwe nyingine. Lakini nyinyi vijana mnaotaka kuishika kazi hii, acheni niwasimulie kazi moja isiyohusu nguo wala simu. Ilihusu mkataba wa ajira wa walinzi ishirini na wawili. Ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote, ingawa ndani yake nilikosea vibaya, na nikamuudhi mtu niliyemheshimu sana.

Jengo lenyewe lipo mtaa wa Sanyuanli, hapo hapo Guangzhou. Jina lake nitaliacha. Ghorofa saba, za chini maduka ya jumla, za juu ofisi za mawakala wa mizigo. Wapangaji karibu nusu ni Wachina, nusu ni sisi: Watanzania, Wakenya, Wakongo. Na mlangoni walikuwepo walinzi. Hawakuwa polisi wa serikali, lakini kwetu sisi polisi walikuwa hao. Ndio walioamua ugomvi wa matoroli kwenye lifti, ndio waliotafuta mzigo uliopotea, ndio waliosimama katikati mnunuzi na muuzaji walipokamatana mashati. Polisi wa serikali wakiitwa, kwanza walimuuliza mkuu wa walinzi kilichotokea, naye akisema, wao waliandika.

Mkuu huyo aliitwa Liang. Alikuwa mwanajeshi ujanani, mtu wa milima ya mkoa wa Guangxi, mfupi, sare yake imepigwa pasi hata siku za joto lile la mwezi wa saba ambalo shati hukushika mgongoni kabla hujafika kituo cha metro. Sisi tulimwita Kepteni. Mtu fulani alimfundisha kusema "shikamoo" lakini akasahau kumfundisha inasemwa na nani kwa nani, basi Kepteni akawa anamwamkia kila Mtanzania aliyepita mlangoni, mpaka vijana wa miaka ishirini na mbili. Wazee walifurahi. Vijana waliona haya, wakaitikia "marahaba" huku wakiangalia viatu vyao. Hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Kabla sijaendelea, niseme kidogo juu ya aliyenifundisha kazi, maana bila yeye hamtaelewa kwa nini nilifanya nilichofanya.

Alikuwa Mama Kileo, mtu wa Marangu, aliyefika Guangzhou kununua vifaa vya umeme akajikuta anawakalimania wenzake bure, mpaka siku moja akachoka akaanza kulipisha. Mimi nilikuja nikitokea Tanga na mtaji wa nguo, na biashara ikanishinda mapema. Mama Kileo akanichukua. Mara ya kwanza aliponiacha peke yangu, nilimwambia mwenye kiwanda cha mashati kwamba nimekuja kumuuzia mashati. Kwa Kichina, kununua na kuuza ni neno moja kwa sikio la mgeni. Kinachotofautisha ni sauti kupanda au kushuka. Yule bwana aliyatazama mashati yake ukutani, akanitazama mimi, akaniuliza kwa adabu nayauza bei gani.

Mama Kileo aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza akaniambia, "Salha, kosa la ulimi si kitu. Kosa la moyo ndilo baya. Wewe ni bomba. Maji yakiingia machafu, yatoke machafu. Ukianza kuyachuja, utakuwa umefungua kiwanda cha maji, na hakuna aliyekuajiri kwa hiyo."

Nilidhani nimeelewa. Ilinichukua miaka mingi na walinzi ishirini na wawili kujua kwamba sikuwa nimeelewa.

Siku moja baada ya chakula cha mchana Kepteni alipanda ofisini kwangu na chupa yake ya chai, akabaki amesimama.

"Sa jie," alisema. Jie ni dada. Jina langu lote liliwashinda. "Naomba uniulizie jambo. Watu wako wanatutaka, au hawatutaki?"

Nikamwambia akae, anieleze. Akaeleza bila kukaa. Walinzi waliajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja kupitia kampuni ya ulinzi. Kila ikikaribia sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, walifungasha vitu vyao bila kujua kama watarudi. Sasa mkataba wa kampuni ile na jengo ulikuwa ukingoni, na wenye jengo walitaka kuleta kampuni nyingine, watu wapya, na malango yenye kamera za kutambua sura. Kepteni na wenzake walipeleka ombi lao: jengo liwaajiri moja kwa moja, kwa mkataba wa miaka mitano. Walitaka siku moja ya mapumziko kila wiki, zamu ya kwenda nyumbani wakati wa sikukuu, na mlinzi akiumia kazini asifukuzwe.

"Wenye jengo wanasema mkataba mrefu namna hiyo lazima usainiwe na kamati ya wapangaji, maana wapangaji ndio wanaochangia ulinzi," akasema. "Kamati ina watu watano. Wachina watatu nimeshawauliza, hawana pingamizi. Wawili ni wa kwenu."

Wale wawili nawajua. Mmoja alikuwa Mama Odile, mfanyabiashara wa Lubumbashi, mwenye Kiswahili cha kwao cha kuchanganya Kifaransa. Huyo alikuwa rahisi. Alimpenda Kepteni tangu siku alipomtafutia begi lake lililopotea. Wa pili alikuwa Mzee Mbaruku, Mzanzibari, wakala wa mizigo, na hapo ndipo nilipoona ugumu. Mzee Mbaruku alikuwa hamsemeshi Kepteni. Miezi minne nyuma Kepteni aliamuru marobota ya mzee yaondolewe kwenye mlango wa ngazi za dharura, ghorofa ya tatu. Mzigo ulichelewa, kontena nusura liondoke bila huo. Tangu siku ile mzee alikuwa akipita mlangoni akiangalia upande wa pili.

Nilikwenda kwake. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Bi Salha."

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku akigonga kalamu mezani. Mwisho akasema, "Nitakuja kusikiliza. Kusaini ni jambo jingine."

Kikao cha kwanza kilifanyika kwenye chumba cha mikutano cha jengo. Upande mmoja alikaa meneja, Bi Ou, mwanamke wa hapo hapo Guangzhou, wa makamo, aliyewawakilisha wenye jengo. Upande mwingine Kepteni na walinzi wawili. Kamati ilikaa baina yao, na mimi pembeni kabisa mwa meza. Hili lishikeni: mkalimani asikae ubavuni mwa anayemlipa. Kaa mahali ambapo kila mtu anaona mdomo wako, nawe unaona mikono ya kila mtu. Kinywa hujua kujizuia. Vidole havijui.

Mzee Mbaruku alikuwa na simu mpya yenye kutafsiri, na hakutaka kuningoja mimi kwa salamu. Akaiweka mezani, akasema taratibu kama anayesoma hotuba, "Tumekuja kwa heri." Simu ikafikiri, ikatamka kwa Kichina safi kwamba tumekuja kuaga. Bi Ou akashangaa, akafunga jalada lake, akainuka na kunyoosha mkono atuage. Ilibidi nieleze kosa la simu haraka haraka kabla hajafika mlangoni. Hata Kepteni alicheka, na Bi Ou akakaa tena akijifuta macho. Mzee aliirudisha simu mfukoni na haikutoka tena.

Nawaambia hili si kwa kuzidharau simu zenu. Mimi mwenyewe miaka yangu ya mwisho nilizitumia kwa majina ya vitambaa na vipuri. Lakini kicheko kile kilimlainisha kila mtu, na ulaini ule ndio ulioniponza.

Kepteni alieleza maombi yake moja moja. Bi Ou aliuliza maswali mazuri, aliandika, alitikisa kichwa kwa heshima. Mwisho akasema neno moja la Kichina, kaolu, yaani kufikiria. Atalifikiria. Mkalimani yeyote aliyekaa sokoni mwezi mmoja anajua kwamba muuzaji akisema kaolu, mara tisa katika kumi amekataa na hataki kukuvunjia heshima. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Lakini nilikuwa nimemtazama Kepteni akizungumza saa nzima bila kupandisha sauti, nikitaka sana apate. Nikawageukia akina Mzee Mbaruku, nikasema, "Anasema analiangalia kwa moyo mzuri. Inaelekea watakubali."

Hayo maneno ya mwisho hakuyasema mtu yeyote. Niliyaongeza mimi.

Mama Odile alitoka pale na furaha yake, akamwambia mlinzi wa kwanza aliyemkuta kwenye lifti, kwa ishara na Kichina chake kidogo, kwamba mambo tayari. Kufika jioni walinzi wote walikuwa wamesikia. Mmoja alimpigia mkewe kijijini asitafute tena kazi ya kiwandani. Wawili walikataa nafasi walizokuwa wamepewa katika jengo la jirani. Siku ya tatu ikaja barua ya Bi Ou, fupi na ya adabu: kwa sasa wenye jengo hawaoni uwezekano.

Kepteni alikuja tena ofisini. Nilidhani atanifokea, na ningependa anifokee.

"Bi Ou alisema kaolu," alisema. "Nilisikia kwa masikio yangu. Nilidhani wewe umeona kitu ambacho mimi sikukiona."

"Sikuona kitu," nikamjibu. "Nilisema nilichotamani."

Akageukia mlango. "Basi uwaambie wao. Mimi nikiwaambia, watasema namsingizia mgeni."

Nikashuka naye mpaka kwenye chumba chao cha kubadilishia sare. Walinzi waliokuwa zamu ya mchana walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wengine na mabakuli ya wali mikononi. Nikasema kwa Kichina kwamba maneno ya matumaini yalikuwa yangu, si ya Bi Ou, na kwamba nimewakosea. Yule aliyempigia mkewe aliuliza tu, "Kwa nini?" Nikamwambia nilitaka iwe kweli. Akarudi kula. Nimezungumza mbele ya mabosi wa viwanda na maofisa wa forodha, lakini sijawahi kusimama mahali pagumu kama chumba kile.

Kepteni hakukata tamaa. Aliandika upya maombi, akapunguza baadhi, akamwendea Bi Ou mara tatu kwa miguu yake. Naye Bi Ou, nimpe haki yake, hakuiacha barua yake iwe mlango uliofungwa. Alirudi kwa wenye jengo, akatoka na rasimu. Kikao cha pili kikaitishwa.

Rasimu ile ilikuwa nzuri kuliko tulivyotegemea. Miaka mitano. Ajira ya moja kwa moja. Kipengele cha kuumia kazini kilikuwemo. Lakini kifungu cha saba kilisema mkataba utawahusu walinzi wasiozidi miaka hamsini. Waliozidi walikuwa wanne, na Kepteni alikuwa mmoja wao.

Kabla watu hawajaingia, Kepteni alinivuta kando, karibu na mtungi wa maji ya moto.

"Umesoma cha saba?"

"Nimesoma."

"Wenzangu watatu nimeshawauliza. Wamekubali. Mimi pia nimekubali. Wanabaki kumi na wanane, na hao wana watoto wadogo." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayenielekeza njia. "Wachina wa kamati wameshasoma, hawana neno. Watu wako hawasomi Kichina. Wakisikia kifungu hiki wataanza kubishana, na wenye jengo wanatafuta sababu ya kuvunja. Naomba ukiruke."

Vijana wangu, ingekuwa rahisi. Rasimu ilikuwa na kurasa kumi na moja. Hakuna ambaye angejua. Na aliyeniomba ndiye hasa aliyekuwa anaumia, anaomba kwa ajili ya wengine. Ningeweza kujiambia kwamba namtii yeye.

"Kepteni," nikamwambia, "kikao kilichopita niliongeza kitu ambacho hakikusemwa. Leo siwezi kupunguza kilichoandikwa."

"Lile lilikuwa kosa. Hii ni fadhila."

"Hata lile nilidhani ni fadhila."

Alinitazama, akaingia ndani. Nami nikaingia, nikasoma kifungu kwa kifungu, na nilipofika cha saba nikakisoma kama vingine, bila kupunguza sauti.

Mzee Mbaruku alivua miwani. "Huyu Liang ana umri gani?"

"Hamsini na saba."

"Kifungu hiki anakijua?"

"Anakijua, Mzee."

"Na amekubali?"

"Amekubali."

Alikunja na kukunjua miwani yake mpaka Bi Ou akaniangalia kuuliza kama kuna tatizo la tafsiri. Kisha mzee akasema, "Mwambie Bi Ou kwamba mimi sisaini."

"Niseme na sababu?"

"Sema sababu. Sema huyu bwana aliniondolea marobota yangu mlangoni, nikakasirika. Wiki tatu baadaye lile duka la pochi la ghorofa ya tatu likashika moto mchana, moshi ukajaa, na watu wote wakatokea mlango ule ule niliokuwa nimeuziba mimi. Mke wangu alikuwamo." Alivaa miwani yake tena. "Sikumwambia ahsante. Kila siku nampita pale mlangoni najiambia leo nitasema. Sijui nianze vipi. Sasa wananiletea karatasi nisaini aondoke."

Miezi yote ile tulidhani ni hasira. Ilikuwa aibu.

Niliyatafsiri yote, neno kwa neno. Kepteni aliinamisha kichwa akawa anautazama mfuniko wa chupa yake ya chai. Bi Ou aliandika, akafunga jalada. Alisema watazungumza tena. Safari hii nikawaambia akina mzee, "Amesema watazungumza tena. Maana yake siijui."

Nje, Kepteni alinisubiri kwenye ngazi. "Umewanyima kazi vijana kumi na wanane kwa ajili ya wazee wanne," alisema, akaondoka.

Siku kumi na mbili hakuniamkia. Yeye aliyemwamkia kila mtu, mimi nilipopita alinyoosha mgongo na kuangalia mbele kama mwanajeshi kwenye gwaride. Walinzi vijana nao walijua. Nilitumia lango la nyuma, kisha nikaona haya kutumia lango la nyuma, nikarudi la mbele. Nilimpigia Mama Kileo, ambaye kwa wakati ule alikuwa amesharudi kwao Marangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nilikisoma kifungu chote. Nikasema chote. "Basi kapike ule," akasema. "Kazi yako ilikwisha pale. Wengine nao wafanye ya kwao."

Aliyefanya yake alikuwa Mzee Mbaruku. Alinituma nimwombe Bi Ou jambo moja tu: ashuke naye ngazi za dharura kutoka ghorofa ya saba mpaka chini, baada ya chakula cha mchana, na Kepteni awepo. Nilitegemea Bi Ou aseme kaolu. Akauliza saa ngapi, na alikuja amevaa raba.

Tulikuwa wanne. Mzee alikuwa wa mwisho, anashuka polepole kwa sababu ya goti. Ghorofa ya tano Bi Ou alisukuma mlango wa kuingilia ukumbini, ukagoma. Akasukuma tena kwa bega. Kepteni akaomba radhi, akashika mpini, akaunyanyua mlango juu kidogo kisha akausukuma, ukafunguka.

"Bawaba imeshuka," alisema. "Lazima unyanyuliwe kwanza."

"Tangu lini?"

Kepteni akatoa daftari mfukoni, la kawaida, la mazoezi ya shule, lenye jalada lililobanduka. Mle ndani kila mlango wa jengo lile ulikuwa na ukurasa wake: unafungukaje, nani ana ufunguo, nani ameonywa asiweke mzigo, hitilafu imeripotiwa siku gani. Bi Ou alisimama pale kwenye ngazi akasoma ukurasa baada ya ukurasa. Sisi tukangoja. Mzee Mbaruku aliutafuta ukurasa wa mlango wake wa ghorofa ya tatu akichungulia juu ya bega la Bi Ou, ingawa asingeweza kuusoma.

"Taarifa hizi zilikwenda wapi?" Bi Ou aliuliza.

"Kwa kampuni yetu."

"Hazikunifikia."

Bi Ou akageuza ukurasa mwingine.

"Ni walinzi wangapi wanaoijua hii milango kama wewe?"

"Wanne."

"Kati ya ishirini na wawili?"

"Kuijua kunataka miaka miwili, mitatu. Tunamfundisha mtu, mkataba wake wa mwaka unakwisha, anaondoka. Waliobaki ni sisi ambao hatuna pa kwenda."

Wale wanne walikuwa ndio wazee wa kifungu cha saba. Hakuna aliyehitaji kumwambia Bi Ou. Nilimwona akihesabu mwenyewe.

Tulipofika ghorofa ya tatu ukuta ulikuwa bado mweusi kwa masizi. Mzee Mbaruku alisimama, akamgeukia Kepteni, na kwa Kiswahili, bila kunitazama mimi, akasema, "Ahsante." Nikafungua mdomo nitafsiri. Kepteni akanizuia kwa mkono. Neno lile alikuwa analijua.

Bi Ou aliomba aazimwe daftari siku tatu. Kepteni alisita, maana lilikuwa moja tu, kisha akampa kwa mikono miwili. Sikuwamo kwenye vikao vya Bi Ou na wenye jengo, lakini nilisikia kwamba aliingia na nakala za kurasa zote na hakutoka mpaka zikasomwa. Yule mama alikuwa ametumwa kuleta kampuni mpya. Angeleta, asingelaumiwa na mtu. Nimewaona mabosi wengi wanaojua kupunguza bei. Wanaojua kubadili mawazo mbele ya waliowatuma ni wachache, na yeye ni mmoja wao.

Rasimu ya tatu haikuwa na ukomo wa umri kwa walinzi waliokuwapo tayari. Wale wazee wanne waliandikiwa miaka mitatu, kazi yao ikiwa kukagua milango na kuwafundisha wengine. Hawakupata kila kitu. Siku ya mapumziko ya kila wiki ilisogezwa ianze mwaka wa pili. Bweni walimokuwa wakilala nyuma ya jengo walilipoteza, wakatafuta vyumba mitaani. Majadiliano ndivyo yalivyo, na akija mtu kuwaambia alipata yote, muulizeni alikuwa anajadiliana na nani.

Siku rasimu ile ilipotoka, Kepteni alikuja ofisini kwangu.

"Shikamoo," alisema. Ananizidi miaka kadhaa, lakini niliitikia.

"Marahaba, Kepteni."

"Bado nina hasira kidogo."

"Najua."

"Lakini nimefikiri. Kama ungekiruka kifungu kwa sababu nimekuomba mimi, kesho ningejiuliza umeruka nini kwa sababu ameomba mwingine." Akajimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake, na safari hii akakaa.

Siku ya kusaini tulirudi kwenye kile chumba. Walinzi wote ambao hawakuwa zamu walikuja na kujipanga ukutani. Bi Ou alitaka kugawa kalamu, lakini Kepteni akaomba kwanza mkataba usomwe kwa sauti, wote, kwa sababu wawili kati ya watu wake hawakusoma sana na waliona haya kusema. Akausoma mwenyewe, kurasa kumi na tatu, taratibu, akisimama mahali palipo na neno gumu na kulieleza. Bi Ou angeweza kukaa. Walinzi walikuwa wamesimama, naye akasimama.

Alipomaliza, Mzee Mbaruku akainua kidole. Yeye na Mama Odile, alisema, hawawezi kusaini karatasi waliyosikia kwa lugha ya watu. Akaomba nami niwasomee kwa Kiswahili. Nilikuwa nimeiandaa tafsiri kwa wiki nzima, lakini nilidhani wataisoma nyumbani. Nikamweleza Bi Ou kwamba itachukua karibu saa, na kwamba walinzi wanaweza kwenda, maana hawataelewa hata neno. Akamtazama Kepteni. Kepteni akawageukia watu wake na kuwaambia wanaotaka kwenda waende.

Nikaanza kusoma. Kifungu cha kwanza, cha pili. Nilitegemea kusikia viatu vikielekea mlangoni. Nilipogeuza ukurasa niliinua macho mara moja tu, nikawaona wote mahali pao kando ya ukuta, kofia mkononi, na mbele yao Kepteni Liang, wanasikiliza mkataba wao kwa Kiswahili mpaka neno la mwisho.